Barua Iliyofichwa Nyweleni na Simu Iliyo Mkononi Mwetu

Ndugu msomaji, na khasa kina mama na mabinti zetu ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu, juma hili nimeona tuzungumze juu ya vita. Sikusudii kueleza ni nani mshindi na ni nani mshinde. Nakusudia kueleza jinsi vita vya zama hizi vilivyoingia majumbani mwetu kwa mlango ambao tumeufungua sisi wenyewe.

Usiku wa tarehe 23 Juni 2025, watu wa mtaani kwetu walipokuwa wakijiandaa kwa sala ya Isha, simu ya mama mmoja jirani yangu ililia. Mwanawe anafanya kazi Doha, nchini Qatar. Alichokituma kilikuwa ni video ya nusu dakika aliyoipiga mwenyewe kwenye roshani ya jengo wanamoishi wafanyakazi. Mbingu ilijaa nuru zinazopaa na kupasuka, na sauti ya kijana ikisikika: "Mama, usishtuke ukisikia habari. Mimi ni mzima." Usiku huo Iran ilikuwa imerusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid, inayotumiwa na majeshi ya Marekani, na karibu yote yakatunguliwa angani juu ya vichwa vya watu walio katika shughuli zao.

Mama yule akamshukuru Mola wake. Kisha akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akaituma video ile katika kundi la WhatsApp la ukoo, ili jamaa wote wajue kuwa mtoto yu salama. Kundi lile lina watu zaidi ya themanini. Mmoja akaipeleka kwa wenzake wa chama, mwengine kwa wenzake wa kazini. Ilipofika alfajiri, video ile ile ilimrudia mwenyewe kupitia mtu asiyemjua. Sauti ya mwanawe ilikuwa imekatwa, na juu yake pameandikwa kuwa Doha imeteketea na wageni wamekufa kwa mamia. Mtaa wa pili yuko mama mwengine ambaye binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani huko huko Doha. Aliipata akiwa peke yake jikoni, akampigia binti yake mara tatu asipatikane, akaanguka. Alilazwa siku mbili. Serikali ya Qatar ilikwisha kutangaza kuwa hakuna aliyeuawa katika shambulio lile, na binti mwenyewe alikuwa amelala tu, simu yake imeishiwa na moto.

Mama wa kwanza alinijia baada ya Alasiri. Alikuwa ameishika simu yake kama mtu aliyeshika kaa. Akaniuliza, "Sheikh, mimi nimekosa nini? Nilituma habari ya kweli, na nilituma kwa watu wangu." Nilimwomba anipe muda. Haya niyaandikayo ndiyo majibu yangu kwake, na naamini hayamhusu yeye peke yake.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Simu haikai kimya hata mwenyewe anapokaa kimya. Kila baada ya muda hunong'ona na minara iliyo jirani nayo, ikisema: nipo hapa. Isipofanya hivyo, anayekupigia hatakupata. Lakini mnong'ono huo ni mawimbi, na mawimbi humfikia kila mwenye chombo cha kuyanasa. Ukiwa na vyombo viwili au vitatu mahali mbalimbali, utaweza kukadiria yanatoka upande gani na umbali gani. Kwa jeshi, simu iliyowashwa ni taa iliyowashwa gizani.

Wa kwanza kujulikana sana kwa kuangamia kwa njia hii alikuwa Dzhokhar Dudayev, aliyekuwa kiongozi wa Chechnya katika vita vyake dhidi ya Urusi. Tarehe 21 Aprili 1996 alikuwa uwanjani, nje ya kijiji, akizungumza kwa simu ya satelaiti. Kombora likamfuata pale pale alipo. Hakuonwa kwa jicho la mtu. Mazungumzo yake ndiyo yaliyomwonyesha.

Wakati huo simu ya namna ile ilikuwa ya wakubwa tu. Leo kila askari anayo mfukoni, na kila mke wa askari hungoja sauti yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, askari wa Urusi walikuwa wamelazwa katika jengo la chuo huko Makiivka, mji wa mashariki ya Ukraine. Mara tu baada ya saa sita ya usiku makombora ya Ukraine yakaliangusha jengo lile. Urusi yenyewe ilikiri kupoteza askari 89, na Ukraine ikadai kuwa idadi ilikuwa kubwa zaidi. Wakuu wa jeshi la Urusi walisema sababu kubwa ni askari kuwasha simu zao kinyume cha amri, na hivyo adui akajua walipo. Wapo waliosema kuwa wakuu walikuwa wakiwatupia wafu lawama yao wenyewe, kwa kuwakusanya watu wengi katika jengo moja. Hata tukiikubali kauli hiyo, fikirini usiku ule ulikuwa usiku gani. Ulikuwa wa mwaka mpya kwao, usiku ambao kijana humkumbuka mamake na mke humkumbuka mumewe. Ikiwa simu ndizo zilizowafichua, basi huenda kilichowafichua ni kule kuulizana hali.

Wala si lazima mtu azungumze. Iko programu ya simu iitwayo Strava, ambayo wakimbiaji huitumia kupima mwendo wao. Kampuni yake ilichapisha ramani ya dunia nzima ikionyesha njia walizopita watumiaji wake, na njia hizo zikawa ziking'aa. Mwezi wa Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama ramani hiyo kwa makini. Akaona kuwa katika sehemu za Syria na Afghanistan zilizo giza tupu, pana vijimduara vinavyong'aa. Vilikuwa ni nyayo za askari wa kigeni wanaofanya mazoezi ya asubuhi kuzunguka kambi zao. Hakuna jasusi aliyepanda ukuta wala mlinzi aliyehongwa. Askari wenyewe waliichora kambi yao kwa miguu yao, kisha wakaikabidhi ramani kwa ulimwengu.

Hiyo ni kazi ya kwanza ya mtandao vitani: kufichua. Kazi ya pili ni kuongoza silaha. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja tu kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, wadukuzi waliushambulia mtandao wa satelaiti wa kampuni ya Viasat ambao Ukraine iliutegemea. Maelfu ya vifaa vya kupokea intaneti vilizimika katika nchi kadhaa za Ulaya, na huko Ujerumani mitambo 5,800 hivi ya umeme wa upepo ikakosa mawasiliano na wasimamizi wake. Siku chache baadaye vikaingia Ukraine vifaa vya Starlink, kampuni ya Elon Musk, na majeshi yakaendelea kuwasiliana. Mwaka uliofuata, mfanyabiashara huyo alieleza mwenyewe kuwa aliwahi kuombwa aufungue mtandao wake karibu na Sevastopol, huko Crimea, ili shambulio lipite, naye akakataa. Simhukumu kwa kukubali wala kwa kukataa. Ninalotaka tulione ni kuwa zamani uamuzi wa namna hiyo ulikuwa mikononi mwa wafalme na majemadari, na leo unaweza kuwa mkononi mwa mtu mwenye kampuni.

Na katika uwanja wenyewe, mwenye kuogopwa zaidi leo ni kidege kisicho na rubani, chenye bei ya dola mia chache, kilichofungwa kamera na baruti. Anayekiendesha hukaa handakini kilomita kadhaa nyuma, amevaa miwani inayomwonyesha kila kitu ambacho kidege kinakiona. Anaiona sura ya anayemwendea. Kwa kuwa videge hivi huongozwa kwa mawimbi, kila upande ukatengeneza mitambo ya kuyavuruga mawimbi ya mwenziwe. Ndipo mafundi wakarudi kwenye jambo kongwe kabisa: uzi. Tangu mwaka 2024 vimeenea videge vinavyoruka vikiwa vimefungwa uzi mwembamba wa kioo, mfano wa mshipi wa mvuvi, uliozongwa tumboni mwa kidege na kujikunjua kadiri kinavyokwenda, kilomita kumi na zaidi. Uzi hauvurugiki kwa mawimbi. Mashamba ya Ukraine yametandwa nyuzi hizo hata yakafanana na nyumba ya buibui.

Kazi ya tatu inatisha zaidi, nayo ni chombo chenyewe cha mawasiliano kugeuzwa kuwa bomu. Wapiganaji wa Hizbullah nchini Lebanon walikwisha kutambua kuwa simu za mkononi zinawafichua, wakazikimbia. Wakarudi kwenye peja, vile vijisanduku vya zamani vya kupokea ujumbe mfupi. Hawakujua kuwa vile walivyovinunua vimekwisha kutiwa baruti kabla ya kuwafikia. Tarehe 17 Septemba 2024, alasiri, vikalia vyote kwa wakati mmoja, kisha vikalipuka sokoni, majumbani, ndani ya magari na katika foleni za maduka. Siku ya pili zikalipuka simu za upepo. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na maelfu walijeruhiwa, wengi wao macho na vidole, kwa sababu walikuwa wamevishika na kuvitazama. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Miezi miwili baadaye Waziri Mkuu wa Israel alikiri kuwa yeye ndiye aliyeidhinisha.

Wanazuoni wa sheria za vita, wa Kiislamu na wasio Waislamu, wanakubaliana juu ya msingi mmoja, kuwa anayepigana hutengwa na asiyepigana: mwanamke, mtoto, mzee na mkulima shambani mwake. Je, mwenye kukibonyeza kitufe atajuaje ni nani aliyekishika kile kijisanduku saa ile? Atajuaje kama mtoto hakukimbilia kukiokota ampelekee babake? Msingi ule haujafutika, lakini mtandao umeufanya kuwa mgumu kuulinda na mwepesi kuuvunja.

Na raia naye anavutwa aingie. Huko Ukraine serikali ilifungua njia ndani ya simu ya kila mwananchi ya kuripoti vifaru vya adui anapoviona. Ni haki ya mtu kuitetea nchi yake. Lakini mwanamke aliyesimama dirishani na kukipiga picha kifaru, kisha akaituma picha hiyo kwa jeshi, amekwisha kuvuka mstari uliokuwa ukimlinda, pengine bila ya kujua. Mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliona haja ya kutoa kanuni nane kwa raia wanaoshiriki vitani kwa kompyuta, ikiwakumbusha kuwa wanaweza kuhesabiwa miongoni mwa wapiganaji.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuwa mtandao ni shari tupu. Thamani yake huonekana siku unapokatwa. Jioni ya tarehe 27 Oktoba 2023 mawasiliano ya Gaza yalizimwa kwa zaidi ya siku nzima, mabomu yakiendelea. Aliyejeruhiwa hakuweza kuita gari la wagonjwa, na madereva wa magari hayo wakawa wanafuata upande wa mlipuko ili wajue pa kwenda. Hapo akajitokeza mwanamke wa Misri, mwandishi Mirna El Helbawi. Aliwaomba watu wa dunia wanunue laini za simu zisizo na kadi, zile ziitwazo eSIM, ambazo hutumwa kama picha na kumuunganisha mtu na mitandao ya nchi jirani. Watu wakanunua, naye na wenzake wakazifikisha, na maelfu wakapata kusema na jamaa zao. Hakuwa na jeshi wala serikali. Alikuwa na simu, na akaitumia kuunga kilichokatwa.

Sudan nayo ni somo kwetu sisi wa pwani, kwani wako vijana wetu waliokuwa wakisoma Khartoum na wakarejeshwa nyumbani vita vilipozuka mwezi wa Aprili 2023. Mwezi wa Februari 2024 mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima. Wasudani walikuwa wakiishi kwa programu ya benki iitwayo Bankak, ambayo kupitia kwake jamaa walio ughaibuni huwatumia fedha. Fedha taslimu zilikwisha kuadimika kwa sababu ya vita. Mtandao ulipozimika, riziki ikazimika nayo. Hata majiko ya mitaa, ambayo vijana wa kujitolea walikuwa wakiwapikia wenye njaa kwa michango inayopitia simu, mengi yalisita kuwasha moto. Baadaye zikaonekana sokoni antena za Starlink, na watu wakapanga foleni wakilipia intaneti kwa saa ili wapate kupokea fedha zao wenyewe. Sisi ambao tunanunua samaki, tunalipa karo na tunatoa hata rambirambi kwa M-Pesa, hatuhitaji kufafanuliwa maana yake. Mtu haui kwa risasi pekee. Aweza kuua kwa kuuzima mnara.

Wala tusidhani tuko mbali. Mwezi huo huo wa Februari 2024, meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahuthi karibu na mlango wa Bahari ya Shamu. Mabaharia wakaiacha nanga ikiwa majini, na meli ikaelea siku kadhaa ikiiburuta nanga hiyo. Nyaya tatu za intaneti zipitazo chini ya bahari zikakatika, na inaaminika kuwa ni nanga ile iliyozikata. Mmoja katika nyaya hizo ni wa SEACOM, ambao huku kwetu hutua Mombasa. Bahari iliyowaleta wazee wetu kwa majahazi ndiyo hiyo hiyo inayotuletea leo sauti za watoto wetu walio Ghuba, na vita vikizuka kwenye mlango wake hutugusa hata tukiwa tumeketi barazani.

Imebaki kazi ya nne, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi: habari. Mwezi wa Novemba 2008 wanaume kumi waliuvamia mji wa Mumbai, India. Walikuwa wakiongozwa kwa simu na wakubwa wao walioko Pakistan, ambao walikuwa wameketi mbele ya televisheni wakitazama matangazo ya moja kwa moja na kuwaeleza polisi wako wapi. Waandishi hawakukusudia kumsaidia mtu. Walikuwa wakitangaza kweli tupu. Ndiyo maana Ukraine ilipitisha sheria mwezi wa Machi 2022 kuzuia kutangazwa mahali yalipo majeshi yake. Picha ya kombora likianguka, yenye jengo linalotambulikana nyuma yake, humwambia aliyelirusha kama amelenga au amekosa, na safari ijayo azidishe upande upi.

Na uongo nao una soko lake. Uko mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, uliotengenezwa kwa ustadi mno. Vipande vyake vimesambazwa mara kwa mara kama picha halisi za vita vya Ukraine na Gaza, hata waliouunda mchezo wakalazimika kutoa maelezo ya kuwasaidia watu kuutambua. Basi kama watu wa televisheni wamehadaika, seuze sisi tunaotazama kwa kioo cha inchi sita, usingizini.

Sasa nirudi kwa mama yangu na swali lake: nimekosa nini, ilhali habari ilikuwa ya kweli na niliituma kwa mapenzi?

Mama yangu, katika mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, aliificha safari ile ili Makureshi wasipate kujizatiti na damu ikamwagika. Sahaba mmoja, Hatib bin Abi Balta'a (R.A.), aliandika barua ya kuwaonya watu wa Makka, akampa mwanamke mmoja msafiri, naye akaificha katika misuko ya nywele zake. Mtume (S.A.W.) akajulishwa jambo hilo. Akawatuma Ali, Zubeir na Miqdad (R.A.) wamfuate mpaka mahali paitwapo Bustani ya Khakh. Alikana. Waliposhikilia, akazifungua nywele zake na kuitoa.

Hatib alipoulizwa sababu, hakujibu kuwa ameritadi, wala hakuwa hivyo. Alisema kuwa jamaa zake wako Makka na hawana ukoo wa kuwalinda, akataka awe na mkono kwa Makureshi ili wamhifadhie watu wake. Sababu yake ilikuwa ni familia. Umar (R.A.) alitaka aadhibiwe, lakini Mtume (S.A.W.) aliukubali ukweli wake, akamkumbuka kuwa ni mtu wa Badri, na akamsamehe. Lakini mwangalieni vizuri. Msamaha haukuifanya barua kuwa si kosa, na aya za mwanzo za Suratul Mumtahina ziliteremka kukemea tendo lile. Mapenzi ya jamaa humpa mtu udhuru, na bado hayamwondolei wajibu wa kujiuliza barua yake itafika wapi.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Habari yako ilikuwa ya kweli, nia yako ilikuwa safi, na kosa lako ni dogo mno mbele ya lile la Hatib. Ila uliitoa amana ya mwanao, yaani mahali alipo na alichokiona, ukaiweka mikononi mwa watu themanini usiowajua wote. Yeye alikuambia wewe tu kuwa ni mzima. Aliyebakia alihitaji maneno mawili: "Mtoto mzima." Hakuhitaji mbingu ya Doha. Katika Suratun Nisaa tumefunzwa kuwa habari ya amani au ya khofu isitangazwe ovyo pindi inapofika, bali irudishwe kwa wenye kujua. Mwanamke yule wa Makka aliibeba barua moja nyweleni. Sisi tunazibeba mia kwa siku, na hakuna wa kutufuata mpaka Bustani ya Khakh atuzuie.

Nina machache ya kuwausia wenye jamaa ughaibuni. Kwanza, ukipata picha au video ya vita kutoka kwa mtoto wako, ibaki kwako. Na kabla hajaituma umkumbushe kuwa katika nchi nyingi kupiga picha za mambo ya kijeshi ni kosa linaloweza kumpoteza kazi na uhuru. Pili, ikikufikia ya mtu mwengine, uliza: ni ya lini, ni ya wapi, na aliyeipiga ni nani? Asiyeweza kukujibu hayo matatu hana habari, ana kelele. Tatu, ifunge ruhusa ya mahali katika kamera ya simu yako na za wanao, maana picha inaweza kuibeba anwani ndani yake bila ya wewe kuiona. Nne, wekeaneni ahadi kabla ya siku ya dhiki: kukitokea jambo, ujumbe mfupi wa maandishi utumwe kwanza, kwani mara nyingi hupenya wakati sauti haipiti; na asipopatikana kwa saa kadhaa, msikimbilie kumzika. Andikeni nambari zenu muhimu kwenye karatasi, na mbakize fedha kidogo taslimu ndani ya nyumba. Wasudani hawakuijua siku yao.

Mama yule nilimpa majibu haya kwa mdomo kabla ya kuyaandika. Alinyamaza kidogo. Kisha akarudi nyumbani, akatuma katika lile kundi la ukoo ujumbe wa sauti yake mwenyewe, akaeleza ukweli na kuwaomba walioisambaza wawaeleze na waliowapelekea. Siku ya pili akapika uji wa mtama, akautia katika chupa ya chai, akaenda nao mtaa wa pili kwa yule mama aliyeanguka. Sijui waliambiana nini. Najua tu kuwa sasa wanayo desturi: mmoja akipata habari ya Doha, humpigia mwenziwe kwanza, akasema naye kwa sauti, kabla ya kumwambia mtu mwengine yeyote.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.